Maji Yaliyolala

Supu ya makongoro ikilala sufuriani usiku wa Julai, asubuhi huikuti supu. Unakuta kitu kimesimama wima, kina rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, kinatetema ukigusa sufuria, na ukikichota kwa kijiko kinaacha shimo lenye kingo safi. Nyumba zote za wafugaji zinakijua kitu hiki. Kilimatinde, ambako ng'ombe ni mahari, ni akiba na ni heshima ya mwenye boma, hakuna anayekistaajabia. Kinarudishwa motoni, kinayeyuka, kinakamuliwa limao na kuwekwa pilipili, watu wanakunywa na kwenda shambani.

Kitu hicho ni jeli. Ni jeli ileile ambayo katika miji mikubwa huuzwa ndani ya boksi dogo lenye picha ya matunda, ikapikwa kwa ajili ya watoto siku za sikukuu. Imetiwa rangi na sukari, lakini asili yake ni hiyohiyo ya sufuria la makongoro. Ngozi, mifupa na kano za mnyama zimeshikiliwa na protini iitwayo kolajeni, ambayo kila molekuli yake ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Moto wa polepole wa saa nyingi huzisokotoa nyuzi hizo zikaogelea huru ndani ya maji, na hapo huitwa jelatini. Maji yakipoa, nyuzi hutafutana tena, zikanasana hapa na pale bila mpangilio, na maji yote yaliyokuwa katikati yake yakakosa njia ya kutoka. Sehemu kubwa kabisa ya jeli ni maji yaliyokosa njia ya kutoka.

Mfaransa Denis Papin alitengeneza mwaka 1679 chungu chenye mfuniko wa kubana mvuke, akaonyesha kwamba mifupa migumu inaweza kutolewa jeli. Marekani, katika mji wa Le Roy jimbo la New York, mtengeneza dawa za kikohozi Pearle Wait alichanganya unga wa jelatini na sukari, rangi na ladha ya matunda mwaka 1897, ukaitwa Jell-O, kisha miaka miwili baadaye akauza biashara hiyo kwa dola 450. Unga huo ulikuja kuwatajirisha wengine. Kilichonivutia katika historia hii ni kwamba chakula hicho kiliingia katika meza za sikukuu kwa mlango wa watoto. Mama alichemsha maji, mtoto akakoroga, na kesho yake wote wakaja kutazama kama jeli imeganda.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa: kwa mtoto aliyekoroga.

Sikukuu katika nyumba zetu nyingi hutengenezwa mbali na watoto wadogo. Nguo mpya hununuliwa mnadani bila wao kujua, kuku anachinjwa nyuma ya nyumba, pilau linapikwa na akina mama na mabinti wakubwa, na wadogo wanafukuzwa jikoni kutwa nzima. "Tokeni hapa, mtaungua!" Kufukuza huko kuna haki yake. Jiko la mafiga lina moto anaoweza kuufikia mtoto wa miaka miwili, na ajali za maji ya moto na uji wa moto zinajulikana katika kila wodi ya watoto. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto anakuwa mgeni katika sikukuu inayosemekana ni yake. Analetewa soda na biskuti, anavalishwa, anapelekwa kanisani, anarudishwa. Mkono wake haujagusa chochote kilichoifanya siku ile kuwa siku.

Kilimatinde jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya majira. Mji huu umekaa juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, wilayani Manyoni, na mtu akisimama upande wa mashariki anaiona tambarare ya Bahi imelala chini mpaka macho yanachoka. Misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilipandia huku baada ya kuikata Ugogo, kabla ya kuingia pori la Mgunda Mkali. Wajerumani wakajenga boma lao. Wamisionari wa Kianglikana wakaacha kanisa na Hospitali ya Mtakatifu Yohana, ambayo hadi leo ni ya Dayosisi ya Rift Valley. Krismasi, basi, ina mizizi hapa. Ila inaangukia wakati mgumu. Desemba ndiyo mvua zinapoanza, na mvua za kanda hii hazimsubiri mtu. Wenye nguvu wako shambani kupanda uwele, mtama na alizeti, huku maghala ya msimu uliopita yakiwa yameanza kuonyesha sakafu. Wadogo wanabaki nyumbani na bibi zao.

Kwa hiyo anayepika na watoto wa Kilimatinde siku za kuelekea Noeli mara nyingi ni bibi. Nimekaa katika ua mmoja nikamwona bibi wa aina hiyo na wajukuu wake, wa mwisho akiwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Alikuwa amemimina kitu chekundu katika sahani ya bati na kuiweka kivulini, akaifunika kwa ungo. Kila baada ya muda mfupi mjukuu wa kike alikwenda, akainua ungo, akachomeka kidole.

"Bibi, maji yamelala?"

"Bado, mama. Yanasinzia."

Akarudi kukaa. Akasimama tena. Mtoto mdogo kama yule hajui kesho ni nini, hajui saa, na ukimwambia "baadaye" anaona umemnyima. Lakini kidole chake kilikuwa kinapima muda. Mara ya kwanza kilizama. Baadaye kilizama kwa shida. Kisha kikarudi kikiwa kikavu, na juu ya sahani pakabaki kibonyeo kidogo, na mtoto akapiga kelele kiasi cha kumwamsha mdogo wake aliyekuwa amelala mkekani. Alikuwa ameshuhudia kusubiri kukizaa kitu. Sijui chakula kingine kinachomwonyesha mtoto jambo hilo waziwazi namna hii, kwa sababu ugali unaiva kwenye moto asikoruhusiwa kufika, na maandazi yanaumuka ndani ya beseni lililofunikwa, lakini jeli hubadilika mbele ya macho yake, mahali pa baridi, na haimdhuru akiigusa.

Tena watoto wa huku hawaogopi utelezi. Wamelelewa kwa mlenda. Nimewaona watoto wa mijini wakikunja uso mbele ya jeli kwa sababu inateleza ulimini. Mtoto wa Ugogo, aliyeanza kumeza ugali wa uwele kwa mlenda kabla hajajua kutamka jina lake, anaipokea kama jamaa.

Sasa lipo tatizo, na ni la kweli: joto. Jelatini ya mifupa na ngozi huyeyuka karibu na joto la mwili wa mtu, na ndiyo sababu inapotea mdomoni kwa utamu ule. Lakini ili igande vizuri inahitaji baridi ya friji. Usiku wa Julai Kilimatinde unaweza kuigandisha bila msaada. Usiku wa Desemba hauwezi. Umeme umefika katika nyumba nyingi kuliko zamani, lakini friji bado ni chombo cha wachache, na kwa kawaida ni ya mwenye duka, imejaa soda na barafu za ubuyu. Anayefuata maelezo ya boksi lililoandikwa kwa ajili ya jiko la ng'ambo atapata sharubati ya rangi, na watoto watakaomtazama usoni.

Tatizo hilihili liliwahi kuwasumbua wanasayansi wa Ujerumani. Mwaka 1881 Robert Koch na wenzake walikuwa wakiotesha bakteria juu ya jelatini, na kila walipoiweka kwenye joto la mwili ilikuwa inayeyuka. Mmoja wa wasaidizi, Walther Hesse, alikuwa na mke aitwaye Fanny Angelina, aliyemsaidia maabarani kwa kuchora na kuandaa vifaa. Hesse alimuuliza mkewe kwa nini jeli zake za nyumbani hazilainiki hata kiangazi. Fanny akamwambia siri yake: anatumia agari, inayotokana na mwani, kama alivyofundishwa utotoni New York na jirani aliyewahi kuishi Java. Agari huchemka, hushika ikiwa bado na uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 40 hivi, na ikishashika haiyeyuki tena mpaka ifikie nyuzi 85. Koch aliitaja agari katika taarifa yake ya 1882 kuhusu vimelea vya kifua kikuu. Jina la Fanny hakulitaja. Hadi leo maabara za hospitali duniani kote huotesha vimelea juu ya agari, na ujuzi huo ulitoka katika jiko la nchi ya joto.

Naipenda sana habari hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba jiko la nchi ya joto halina sababu ya kungoja vifaa vya nchi ya baridi. Na pwani yetu wenyewe wanalijua hilo. Katika maduka ya Wahindi ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja agari huuzwa kwa jina la chaina grasi, na nyumba nyingi huipika na maziwa na iliki mwezi wa Ramadhani. Mwani nao unalimwa Zanzibar: kilimo cha biashara kilianza 1989 upande wa mashariki wa Unguja, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Spinosum na cottonii wanazokausha ufukweni husafirishwa ng'ambo kutolewa karajini, kigandishi kinachowekwa katika maziwa ya chokoleti na dawa ya meno. Ni jambo la kusikitisha kwamba zao hilo linapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wengine, wakati mwani mkavu, ukioshwa chumvi yote, ukalowekwa usiku kucha, ukachemshwa polepole na kuchujwa, hutoa ute unaogandisha maziwa ya ng'ombe wa Manyoni.

Kuna sababu ya pili ya kuchagua mwani, nayo inahusu majirani. Jelatini nyingi ya viwandani hutokana na ngozi ya nguruwe, na boksi halisemi kila mara. Kilimatinde wanaishi Wakristo na Waislamu, na desturi ya kupelekeana sahani siku ya Krismasi na siku ya Idd ni miongoni mwa mambo mazuri tuliyonayo Tanzania. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana dini ya sahani. Anakwenda kwenye ua wenye watoto wenzake. Anayewapikia wote ana wajibu wa kupika kitu ambacho mama wa kila mtoto angekikubali kwa moyo mweupe. Mwani unaondoa swali hilo kabisa. Jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali nayo inafaa, ikiwa unamjua aliyemchinja, na hapo tunarudi kwenye kongoro la bucha ya mtaani.

Rangi hazihitaji kununuliwa dukani. Choya iliyokaushwa inatoa nyekundu inayozishinda zote za boksi, na uchachu wake watoto wanaupenda kuliko tunavyodhani. Nyeupe inatokana na maziwa, au unga wa ubuyu uliochujwa, na mibuyu hapa ndiyo inayoshika mandhari yote kutoka Bahi hadi Manyoni. Ubuyu una pektini kwa wingi, kile kigandishi cha asili cha matunda. Ndiyo maana maji yake yakikaa huwa mazito. Embe la Desemba linatia njano na utamu. Nanasi na papai mbichi ziwe mbali na jelatini ya mnyama, kwa sababu zina vimeng'enya vinavyokata protini na jeli haitashika kamwe. Zikipikwa kwanza, sawa. Agari yenyewe haina protini ya kukatwa, lakini haipendi kuchemshwa pamoja na uchachu. Ichemshwe kwa maji matupu, kijiko kimoja cha chai cha unga wake kwa kikombe cha maji kikitoa jeli ngumu, nusu yake kikitoa laini inayowafaa wadogo, kisha maji ya choya yaliyo na uvuguvugu yaongezwe baada ya kuipua.

Na mtoto yuko wapi katika yote haya? Yuko kwenye upande wa baridi. Mkubwa anachemsha, peke yake, wadogo wakiwa mbali na moto. Kabla ya hapo mtoto ameshaosha maua ya choya katika beseni, akalowa mpaka kiunoni. Amemimina unga wa agari katika maji baridi na kuukoroga kwa mwiko mrefu kuliko mkono wake. Ameponda embe kwa vidole, nusu ikaingia bakulini na nusu mdomoni. Jeli ikishashika na kupoa, yeye ndiye anayeichora kwa kijiko, au anayekata maumbo kwa kikombe cha plastiki: mwezi, nyota, kitu anachosema ni ng'ombe. Atachafua. Sakafu itanata na sisimizi watakuja. Bibi niliyemtaja hakusema kitu kuhusu sisimizi. Alimwaga majivu mlangoni akaendelea na kazi.

Ninayataka sana mambo haya kwa watoto wetu, na kwa sababu hiyo lazima niseme pia yanayotisha.

La kwanza ni chakula chenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19 huko Paris walitokea watu waliodhani wameponya njaa ya maskini: mifupa ichemshwe, jelatini yake walishwe wagonjwa na fukara. Tume ya wanasayansi iliyoongozwa na François Magendie ilichunguza miaka kumi na kutoa ripoti yake 1841. Mbwa waliolishwa jelatini peke yake hawakuweza kuishi. Leo tunajua kwamba jelatini inakosa kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Agari ndiyo haina lishe karibu yoyote. Desemba, wakati ghala limepungua, jeli isichukue nafasi ya uji wa uwele wenye karanga zilizosagwa, wala ya yai, wala ya maziwa. Iliwe baada ya chakula, kidogo, kama mchezo. Na sukari iachwe ndani ya kopo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unashauri wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi wala vinywaji vilivyotiwa sukari. Embe linatosha. Asali ya misitu ya Itigi ni fahari yetu, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiionje hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya botulizimu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

La pili ni kubwa zaidi. Madukani na mikononi mwa wachuuzi kuna jeli za vikombe vidogo vya plastiki, kila kimoja kikiwa tonge moja, ambazo mtoto huzifyonza moja kwa moja. Nyingine hugandishwa kwa karajini au kwa kigandishi kingine kiitwacho konjaki, na hizo haziyeyuki mdomoni. Tonge gumu, la mviringo, linaloteleza, likivutwa kwa pumzi, linaziba koo la mtoto sawasawa na kizibo. Watoto wamekufa kwa namna hiyo katika nchi mbalimbali. Marekani ilianza kuzizuia mpakani jeli hizo za konjaki mwaka 2001. Umoja wa Ulaya ulizuia konjaki katika jeli hizo 2002, na mwaka 2004 ukapanua zuio kwa vigandishi vya mwani na vya utomvu katika vikombe vya aina hiyo. Agari ya nyumbani nayo ikikatwa vipande vinene vya mviringo ina hatari hiyohiyo. Kwa hiyo jeli ya watoto wadogo imiminwe nyembamba katika sahani pana, iwe laini, ipondwe kwa uma kabla ya kulishwa, na mtoto ale akiwa ameketi, bila kukimbia wala kucheka na chakula mdomoni. Yale maumbo ya mwezi na nyota ni ya kushangilia kwanza, yakishashangiliwa, yanapondwa. Karanga nzima na mbegu za ubuyu zisichanganywe humo kamwe.

Naambiwa wakati mwingine kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi, na mama anayewahi mvua hana muda wa kumtazama mtoto akikoroga. Nimeona kinyume. Kazi yote ya mkubwa inaisha kabla maji ya ugali hayajachemka. Kinachobaki ni kusubiri, na kusubiri hufanywa na mtoto mwenyewe, kwa kidole chake. Gharama ni konzi ya choya, embe moja, na agari inayotosha kijiko cha chai, ambayo ndugu anayekuja Krismasi kwa basi kutoka Dar es Salaam au Dodoma anaweza kuitia mfukoni.

Basi, wewe unayesafiri kwenda nyumbani mwaka huu, beba pakiti ya agari pamoja na soda. Ukifika, muombe bibi sahani pana ya bati, chemsha wewe, na mwiko wa maji baridi mpe mdogo kuliko wote. Vile vikombe vidogo vya kufyonza viache dukani, na ukimwona mtoto wa chini ya miaka mitano ameshika kimoja, mnyang'anye.